Mashine Isiyo na Waya ya Mzee Pazi

Vijana wangu mnaonitumia picha za mashine za kahawa kwenye simu, nawaomba radhi kwa jambo moja. Huwa sijibu mlichouliza. Mtu ananiandikia, "Mama Nyamizi, shikamoo. Hii nyeusi na hii ya rangi ya fedha, ipi kali?" Namjibu, "Marahaba. Nyumbani kwako mnatumia maji ya wapi?" Wengi hudhani uzee umeanza kunipanda kichwani. Mmoja alinirudishia kwa adabu kabisa, "Mama, nimeuliza mashine, sijauliza maji." Nikamwambia najua ulichouliza, mwanangu, na ndiyo maana nakuuliza maji.

Nimetengeneza mashine za kahawa miaka thelathini na ushee. Za hoteli, za kantini za viwanda, na mwishoni hizi ndogo za nyumbani mnazozipanga siku hizi kando ya blenda. Sasa nimestaafu, nakaa Kongowe hapa Kibaha, nafuga kuku, na magoti yangu yananitabiria mvua kabla redio haijasema. Lakini fundi hastaafu masikio. Nikiingia mgahawani nikasikia pampu inalia vibaya, chakula hakinishuki mpaka nimwite mwenye mgahawa nimwambie.

Aliyenifundisha kuanza na maji ni Fundi Mkude, mkuu wa karakana ya Dar es Salaam nilikoingia kazini nikiwa mfagizi. Huyu bwana alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia mpira upi umechakaa. Kanuni yake ilikuwa fupi: maji kwanza, kisagio pili, mashine tatu, urembo mwisho, ukibakiwa na hela. Mnaocheka kanuni hiyo ndio mnaoniletea mashine zimekufa kabla ya mwaka. Maji ya bomba yanayotoka Ruvu ukiyachuja yanafaa. Maji ya kisima kirefu, ambayo wengi wenu huku viwanjani ndiyo mnayotumia, yana chumvi, na chumvi ile inaganda ndani ya mashine mpaka njia ya maji inaziba. Huhitaji maabara. Chungulia ndani ya birika lako la kuchemshia maji. Ukiona ukoko mweupe, jua hata mashine yako itaota ukoko huo huo, ila huko hutauona.

Na huo ukoko mkiutoa kwa limau, suuzeni. Nasema hivi kwa sababu mimi sikusuuza. Ilikuwa hoteli moja, asubuhi ya semina, nami ndiyo kwanza nimeruhusiwa kushika kazi peke yangu. Nilisafisha mashine ikang'aa, nikaondoka najipongeza. Watu wa semina wakanywa kahawa yenye ladha ya achari. Fundi Mkude hakunigombeza hata neno. Alinirudisha pale hotelini, akanikalisha mezani, akaniagizia vikombe vitatu kutoka kwenye mashine ile ile, na akasubiri mpaka nimemaliza cha mwisho.

Kisagio nacho msikidharau. Kijana ananunua mashine nzuri halafu anasaga kahawa kwa blenda. Blenda haisagi, inakatakata. Unapata vumbi na kokoto kwa pamoja, maji yanapita pale penye kokoto yanaliacha vumbi, na kikombe kinakuwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja kizuri, nunua kisagio kizuri na mashine ya kawaida, usifanye kinyume. Jirani yangu mmoja hapa Kongowe, ofisa wa serikali aliyestaafu, mtu msomi kabisa, alinunua vyote viwili vizuri, halafu akashindilia majani ya chai ndani. Alitaka chai ya nguvu. Majani yalivimba, mpira ukaruka, na dari ya jiko lake mpaka leo ina madoa. Mkewe amekataa ipakwe rangi, anasema ni kumbukumbu.

Basi nyie mnaniona mjuzi. Ngoja niwaambie kosa langu kubwa. Nililifanya nikiwa nimeshastaafu, najiona nimemaliza yote, na nilimfanyia mtu ninayempenda sana.

Nilipokuwa mfagizi pale karakana, niliomba nifundishwe kazi. Fundi Mkude akaniuliza kama najua kahawa. Nikasema hapana, kwetu Tabora nimekulia uji na chai. Akasema, "Sasa utajuaje mashine inakosea wakati hujui inatafuta nini? Nenda kajifunze kahawa, kisha uje." Nje ya geti letu palikuwa na muuza kahawa, na benchi lake lilikuwa la wanaume watupu. Wanacheza bao, wanabishana siasa, wananyamaza mwanamke akipita. Nilisimama pale na ufagio wangu nikiwa sijui niweke wapi macho. Muuza kahawa akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi.

"Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Jamani sogeeni, mpagazi wangu amefika! Siku zote nauliza mizigo yangu iko wapi. Kaa hapo, mtani. Mzigo weka chini."

Huyo ndiye Mzee Pazi, Mzaramo wa Chole ya Kisarawe. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, tukitukanana hakuna anayekasirika, hamhitaji nieleze zaidi. Utani ule ndio ulionipa nafasi kwenye benchi. Mwanamke wa kawaida angeonekana amekosa haya, lakini mtani anakaa popote. Nilikaa pale kila adhuhuri miezi mingi. Mzee Pazi alikuwa ananipa finjani mbili, moja ameipika vizuri, nyingine ameiharibu kwa makusudi, nami nimwambie ipi ni ipi. Nikikosea ananitukana ukoo mzima. Alinifundisha kwamba kuna uchungu unaopita na uchungu unaokaa. Unaopita ni wa kahawa yenyewe, unaokaa ni wa mpishi. Nilipoujua huo, Fundi Mkude akanipa bisibisi yangu ya kwanza. Kila mashine niliyoitengeneza baada ya hapo, ulimi ulioipima ulikuwa ni wa Mzee Pazi.

Miaka ikaenda, akafunga biashara, akarudi Chole. Kahawa hakuiacha. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa anapika na kuwagawia wazee wenzake barazani kwake, bure, kwa heshima yake tu. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona kila Krismasi ikipita, ananiuliza kama Yesu amenipa ruhusa ya kunywa kahawa ya Mwislamu, namjibu kwamba ruhusa ninayo ila kikombe kioshwe kwanza.

Sasa mwaka juzi, mwanawe Hamisi akaja kwangu Kongowe. Hamisi ni mtu mzima, anafanya kazi kiwandani kule Zegereni. Alikaa kwenye kochi langu akaishika soda bila kuinywa.

"Mama, baba mikono inatetemeka," akasema. "Hospitali wamesema ugonjwa hautamuua, ni wa umri. Dawa anakunywa, ila mtetemeko hauishi. Amemmwagia Mzee Kondo kahawa ya moto mapajani."

"Mzee Kondo akasemaje?"

"Ndiyo hivyo, Mama. Hakumgombeza hata kidogo. Alisema haina neno."

Hapo nikajua mambo ni mabaya. Mzee Kondo ni rafiki yake wa tangu jandoni, na hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata kwamba leo ni Jumanne. Hamisi akaniambia kwamba tangu siku ile wageni wakija wanamnyang'anya birika kwa upole, au mama yake, Bi Hawa, ndiye anayemimina. Mzee akasema kichwa kinamuuma. Kesho yake tena kichwa. Mwishowe akawa hatoki chumbani, anasikiliza redio, na baraza ikabaki tupu. Hamisi na ndugu zake wote walikuwa wamechanga wamnunulie mashine ya kisasa. "Abonyeze tu, Mama. Tuchagulie wewe."

Vijana, pale mtu alikuwa na haja moja tu, na niliisikia kwa masikio yangu haya: Mzee Pazi alitaka kumpa mgeni wake kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Basi. Mimi nikaisikia, nikaikubali, kisha nikachagua kama mtu asiyesikia.

Nilichagua mashine inayojifanyia kila kitu. Unatia punje juu, unatia maji nyuma, unabonyeza, inasaga, inashindilia, inachuja, na uchafu inautupa ndani yake yenyewe. Niliwaambia wamnunulie na kifaa cha kulinda umeme, maana umeme wa kule jioni unazimia na kuzinduka. Nikawaambia wakinge maji ya mvua, wasiitie ya kisima. Nilijiona nimewaza kila kitu. Tukaipakia kwenye pikapu ya Hamisi, tukapita Kisarawe mjini, tukashika barabara ya vumbi hadi Chole, nami nimelikumbatia lile boksi njia nzima. Nilimwonyesha Mzee Pazi inavyofanya kazi. Familia ikapiga makofi. Mzee akasema, "Ahsanteni sana wanangu. Mungu awazidishie."

Ningepaswa kushtuka pale pale. Mtani wangu kusema ahsante bila tusi hata moja ni dalili ya homa.

Baada ya wiki tatu Hamisi ananipigia, mashine imekwama. Nikafunga safari na mkoba wangu wa vifaa. Sebuleni sikuiona. Nikauliza iko wapi, Bi Hawa akanionyesha kwa kidole huku anaangalia pembeni. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua pembeni, na juu ya kitambaa pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Mashine ya watu ilikuwa imegeuka meza.

Nikaivua kitambaa, nikaifungua. Kisagio kilikuwa kimejaa nyuzi za tangawizi kavu. Na iliki, na maganda yake. Nikaita, "Nani ametia tangawizi humu?"

Sauti ikatoka chumbani. "Kahawa bila tangawizi ni dawa ya hospitali! Si umesema inasaga? Nimeipa isage!"

Nilikaa chini na kibanio nikang'oa uzi mmoja mmoja, karibu saa nzima. Mzee Pazi akatoka, akakaa akinitazama, mikono ameificha chini ya mapaja. Nilipokaribia kumaliza akasema taratibu, "Usijisumbue kuirudishia, mwanangu. Ni nzuri. Ila ile, hata kuku akidonoa pale, kikombe kinatoka. Sasa mgeni akinywa amshukuru nani? Waya?"

Neno lile lilinichoma. Miaka thelathini naelekeza watu waangalie maji, umeme, nafasi jikoni, na sikuwahi kuuliza mtu anataka kufanya nini yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeuchagulia ugonjwa mashine. Mzee Pazi nilikuwa nimemsahau.

Kisha nikaona jambo lingine. Nyumba nzima hakuna aliyekuwa anaitazama mikono ile. Bi Hawa akiongea na mumewe anatazama ukuta. Hamisi anatazama simu. Walikuwa wanamwonea huruma, na huruma ile ilikuwa imemfungia chumbani kwa kufuli. Mimi si mke wala mtoto. Mimi ni mtani.

"Mzee," nikasema kwa sauti, "hiyo mikono mbona inacheza ngoma na harusi haipo? Nyie watu wa pwani, hata viungo vyenu vinapenda ngoma kuliko kazi!"

Bi Hawa akaziba mdomo kwa kanga. Hamisi akainamia viatu vyake. Mzee Pazi akanikodolea macho, nikadhani nimeharibu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akaitoa mikono kutoka chini ya mapaja na kufuta nayo machozi.

"Mpagazi mkubwa wewe!" akasema. "Tangu mfungo wa Ramadhani hakuna mtu aliyeitaja hii mikono humu ndani. Nilianza kudhani ninayo peke yangu."

"Basi nionyeshe inavyocheza," nikasema. Hivyo ndivyo fundi anavyoongea na mwenye mashine. Usinielezee, nionyeshe.

Akanionyesha. Akashika finjani tupu, ikatetemeka. Akashika birika lenye maji kidogo, ikawa balaa. Nikaona kadiri kazi ilivyotaka umakini, ndivyo mkono ulivyoyumba. Kisha akaniambia ngoja nikupikie kahawa ya kweli uondoe mkosi wa hilo dude lako. Bi Hawa alikuwa na punje alizokaanga asubuhi, ziko kwenye kinu. Mzee Pazi akashika mchi kwa mikono miwili, akatwanga. Nikasimama. Mikono ilikuwa imetulia tuli.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Twanga tena."

Akatwanga. Mikono imetulia. Nikamwambia abebe ndoo ya maji. Imetulia. Nikamwambia anisukume ukutani. Akanisukuma kwa raha zake zote, na mikono haikutikisika hata kidogo. Vijana, kuna kelele kwenye mashine ambayo inapotea ukiipa mzigo. Pampu inagonga ikiwa tupu, ukiifungulia maji inanyamaza. Nimeisikia maisha yangu yote. Sijui daktari angesemaje, na sisemi kwamba wagonjwa wote wako hivyo, lakini mikono ya Mzee Pazi ilikuwa hivyo. Ilikuwa inalilia kazi nzito, nasi tulikuwa tumempa kitufe.

Kuna mashine za kahawa zisizotumia umeme. Ni chuma kilichosimama kwa miguu, katikati kuna mtungi mdogo, pembeni kuna mikono miwili. Unatia kahawa iliyosagwa chini, maji ya moto juu, unainua ile mikono, kisha unaishusha kwa nguvu, na presha inatoka kwenye mwili wako. Ya kwanza niliiona karakana, Fundi Mkude alikuwa anaitunza kabatini. Siku hizi zimerudi na zinauzwa. Nikamtuma Hamisi akainunue duka moja la mjini. Alipoifungua akaigeuza juu chini.

"Mama, waya wake uko wapi?"

"Haina."

"Haina waya? Mama, hii si jeki ya gari? Ndugu zangu watasema nimekula michango yao."

Nikamwambia waambie dada na kaka zako waje Chole wajaribu kuishusha, ndipo watajua kama ni jeki. Ile ya umeme Hamisi aliichukua yeye, iko kwake Zegereni, inafanya kazi vizuri sana kwa mtu anayekimbilia zamu. Mashine haikuwa na kosa.

Sasa vifaa vya pembeni, maana hapo ndipo mnapotupa hela zenu. Nyie mnanunua kikombe cha kioo chenye kuta mbili na kijiko cha mbao, halafu mnapima kahawa kwa macho. Kwa Mzee Pazi nilinunua kisagio cha kuzungusha kwa mkono, kizito, kinachokazwa mezani kwa skrubu. Nikanunua kishindilio kinachoenea kikamilifu ndani ya kikombe cha mashine kinachotiwa unga, maana kikiwa kidogo pembeni panabaki hewa na maji yanachepuka. Nikanunua pete ya kuzuia unga usimwagike, ni kitu kidogo tu, lakini kwa mkono unaoyumba ni nusu ya ushindi. Finjani nikamwambia abaki na zake. Zimekaa sana naye, zimeshazoea.

Maji ya moto ndiyo yalinitia hofu. Nitamwachaje mtu huyu amimine maji yanayochemka kwenye kitundu kile? Niliwaza siku mbili. Jibu lilikuwa jikoni kwangu, kwenye ile chupa ya chai ya kubonyeza ambayo kila nyumba inayo ya wageni. Hamisi akatengeneza stuli fupi ya mbao, tukaiweka chupa juu yake, mdomo wake ukaangalia moja kwa moja kwenye mtungi. Mzee anasukuma kichwa cha chupa kwa kiganja, maji yanaingia, mkono uko mbali na moto. Kubonyeza kule kunataka nguvu, na nguvu ndiyo aliyokuwa nayo.

Tulifanya mazoezi siku nzima pale Chole. Mara ya kwanza unga ulikuwa wa kokoto, kahawa ikamwagika fyuu ndani ya sekunde tano, nyembamba, haina hata rangi. Mzee akasema hiyo niwapelekee Tabora. Mara ya pili akasaga laini mno, mashine ikagoma. Akaning'inia kwenye mikono ile miguu ikaacha sakafu, Bi Hawa anamshika kiuno, wote wawili wanacheka hawana nguvu. Kumbukeni hilo: ikikimbia, saga laini zaidi, ikigoma, legeza kidogo, usibadilishe mambo mawili kwa mara moja, utapotea. Mara ya sita ikatoka vizuri, taratibu, nene, na povu lake la rangi ya asali. Akaonja. Akalamba midomo. Akasema tangawizi iko wapi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi huo. Tangawizi haiingii kwenye kisagio wala kwenye kahawa, lakini hakuna sheria iliyokataza isiingie kwenye maji. Tukaiponda, tukaichemsha pamoja na iliki, tukachuja kwa kitambaa safi usibaki hata uzi, tukayatia maji kwenye chupa. Fundi Mkude angezimia. Mimi niliinywa ile kahawa na nikaomba nyingine.

Ikabaki jambo moja, na ndilo lililokuwa haja ya mtu tangu mwanzo. Kahawa imetoka, iko mezani. Nani ataipeleka kwa mgeni? Bi Hawa akasema nitabeba mimi, mume wangu. Mzee akasema kama utabeba wewe, basi tuirudishe hii jeki dukani. Nikapendekeza sinia, akakataa. Nikapendekeza wageni wasogee mezani, akaniuliza kama kwetu wageni wanajichotea ugali sufuriani. Nililala kwao usiku ule nikiwa na hofu ya kweli, kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa na Mzee Kondo alikuwa ameshaalikwa. Nilijua akimwaga mara ya pili mbele ya Kondo, hatatoka tena chumbani.

Ijumaa baada ya alasiri wakaja watatu, Mzee Kondo mbele na fimbo yake. Wakakaa barazani wamejipanga kimya, sura za watu waliokuja kutoa pole. Mzee Pazi alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kahawa ya siku ile alitaka aikaange mwenyewe, na aliikaanga kwa pupa, nilisikia harufu nikameza maneno. Akasaga. Akashindilia. Akabonyeza chupa. Akaishusha mikono ya mashine kwa uzito wake wote, mikono yake mwenyewe imetulia tuli, na wazee wale wakanyoosha shingo. Kahawa ikashuka kwenye finjani.

Mzee Kondo akachungulia kwa mbali. "Pazi," akasema, "ndiyo hiyo tu? Theluthi ya kikombe?"

"Ndivyo inavyonywewa," nikajibu mimi. Kweli ndivyo ilivyo. Kahawa ya namna hii ni kidogo na ni nzito, ukijaza kikombe umeiharibu.

Mzee Pazi akaichukua finjani kwa mkono wa kulia, akaanza kuvuka baraza. Ni hatua saba, nilizihesabu. Mkono ukaanza. Kahawa ikapanda ukuta wa kikombe upande huu, ikashuka, ikapanda upande ule. Bi Hawa akainuka nusu, nikamdaka kanga nikaishikilia. Kahawa ikapanda tena, ikafika karibu na mdomo wa finjani, ikarudi. Haikutoka. Ilikuwa ndogo mno kutoka. Ningependa kuwadanganya kwamba nililipanga hilo, vijana wangu, lakini sikulipanga. Nimetengeneza mashine za kahawa ya theluthi ya kikombe maisha yangu yote, na sikuwahi kuwaza kwamba udogo wake una faida kwa mtu yeyote.

Akafika. Akampa. Hakuna tone lililoanguka. Mimi machozi yalikuwa yananitoka waziwazi na sikuyafuta.

Mzee Kondo akaipokea, akainywa kwa mafunda mawili, akaitafuna midomoni. Tukamsubiri. Nilijua atasema nini, maana tangu mikono ile ianze, kila kitu cha Mzee Pazi kilikuwa kizuri sana, kitamu sana, haina neno.

"Imeungua," akasema Mzee Kondo.

Wale wazee wawili wakageuka kumtazama.

"Umeiunguza, Pazi. Ukiwa na haraka huwa unaunguza. Tangu ujana wako."

"Imeungua!" Mzee Pazi akanguruma, na uso wake wote ukafunguka. "Ulimi wako ndio ulioungua, mzee mwongo wewe! Umeanza lini kujua kahawa? Hebu lete kikombe hicho!"

"Chukua," akasema Mzee Kondo, akakinyoosha. "Na uniongezee nyingine, nipate uhakika."

Mzee Pazi akakinyakua, akageuka kurudi kwenye mashine yake akimtukana njia nzima, na wazee wengine wawili wakaanza kubishana kama kweli imeungua au haikuungua. Nami nikamwachia Bi Hawa kanga yake.